Giaboksi ya elevata inachemka, kava imetolewa, na bosi anasema tuendelee

SWALI: Shikamoo fundi. Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda cha unga wa mahindi hapa Dodoma. Nasimamia elevata inayopandisha mahindi kwenda kinuni. Giaboksi yake, iliyo kule juu, imeanza kuchemka kiasi kwamba siwezi kuweka mkono, na oili inavuja kwenye shafti inayotokea upande wa cheni. Kava ya cheni ilifunguliwa wiki mbili zilizopita ili iwe rahisi kutia grisi, mpaka leo haijarudishwa. Msimamizi anasema niongeze oili tu, kazi iendelee. Tena mahindi yakijaa chini elevata inakwama. Tunazima, tunafungua kidirisha na kuyatoa kwa mkono. Nilipouliza kama si hatari nikaambiwa giaboksi ya aina ile hairudi nyuma, halafu inazunguka polepole, haina neno. Nifanye nini niwe salama bila kukosana na watu?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja na hayana uzito sawa. Joto na uvujaji vinaweza kumsubiri fundi siku mbili tatu, ilimradi kuna mtu anavifuatilia. Kava ya cheni na mkono kwenye kidirisha havisubiri. Hivyo viwili viishe kabla hujaanza zamu yako ijayo, kwa hiyo naanza navyo.

Hilo neno "inazunguka polepole, haina neno" nimelisikia viwandani tangu nikiwa kijana wa kushika tochi, na kwa maoni yangu ndilo limekata vidole vingi kuliko mota zote. Watu wanaiogopa mota kwa sababu inavuma. Shafti ya upande wa pili wanaipuuza kwa sababu imetulia. Lakini kazi ya giaboksi ni kuuza mwendo na kununua nguvu. Mwendo unaouona umepotea umegeuka nguvu.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua mota ya kilowati 5.5, saizi ya kawaida kwa elevata kama hiyo, inayozunguka mara 1450 kwa dakika. Nguvu ya kuzungusha unaipata kwa kuzidisha kilowati kwa 9550 kisha kugawa kwa mizunguko ya dakika: inakuja kama nyutoni-mita 36. Sasa ipitishe kwenye giaboksi yenye uwiano wa 25 kwa 1. Mizunguko inashuka hadi 58, na nguvu inapanda mara 25. Toa inayopotea kwenye msuguano, tuseme asilimia 20 kwa giaboksi ya wom (ile ya skrubu na gurudumu), unabaki na kama nyutoni-mita 720. Kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linaloendesha cheni, yenye nusu kipenyo cha sentimita 10, hiyo ni sawa na kuning'iniza uzito wa zaidi ya kilo 700. Magunia saba ya mahindi ya kilo mia, yote yanavuta mshipi mmoja wa cheni, na mshipi huo ndio umeshika ncha ya mkono wa koti lako.

Na huo upole wenyewe ni wa macho tu. Mizunguko 58 kwa dakika ni karibu mzunguko mmoja kila sekunde, na kwa sproketi hiyo cheni inatembea kama sentimita 60 kwa sekunde. Mtu mwepesi kabisa anahitaji robo sekunde kushtuka. Katika robo hiyo zimeshaingia sentimita 15, yaani karibu kiganja chote, kabla hata hujaanza kuvuta.

Mwaka wangu wa tatu kazini, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, mwenzangu alikuwa anaipapasa cheni aone kama imelegea, mashine ikiwa kwenye mwendo. Alivaa glavu za ngozi, akidhani zinamlinda. Jino la sproketi likadaka glavu kwenye kidole cha kati. Alituambia baadaye kwamba aliona kila kitu: glavu inavyokaza, kidole kinavyofuata, naye anavuta kwa nguvu zote na mashine haina habari. Alipoteza vidole viwili. Mota haikulalamika hata kidogo. Taa ya ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, haikuwaka.

Hapo kwenye ovalodi pana imani nyingine ya kuivunja. Wengi wanaamini kitu kikinaswa, umeme utajikata. Ovalodi imewekwa ili mota isiungue. Haikuwekwa kwa ajili yako. Mota ikikutana na kizuizi inaongeza nguvu kwanza, hata mara mbili na zaidi ya kawaida yake, na ovalodi inaweza kuchukua sekunde kadhaa kabla ya kukata. Isitoshe, mkono wa mtu kwa nguvu ya magunia saba si kizuizi hata cha kuhesabika.

Kwa hiyo kava irudi. Kama shida ni grisi, fundi atoboe tundu dogo kwenye kava na aweke bomba la kupitishia mafuta hadi kwenye cheni, au mtie mashine ikiwa imezimwa na kufungwa. Kava yenyewe isiwe ya kufunguka kwa mkono mtupu; ifungwe kwa bolti zinazotaka spana, ili atakayeifungua awe amekusudia. Mpaka irudi, usipande kule juu mashine ikiwa inatembea. Ukipanda hata baada ya hapo, mtandio uuchomekee ndani ya ovaroli, mikono ya ovaroli uifunge vifungo, bangili na saa uziache chini. Glavu hazivaliwi karibu na kitu kinachozunguka. Tazama pia ncha ya shafti ilipotokeza nje ya kava: mara nyingi pana kipande cha chuma cha kufungia sproketi kimechomoza kidogo, na hicho kinadaka nguo vizuri kuliko ndoana.

Sasa kidirisha cha chini. Hapa ndipo barua yako iliponishtua.

Uliambiwa giaboksi hairudi nyuma. Anayesema hivyo ana nusu ya ukweli. Giaboksi ya wom ndani yake ina shafti yenye nyuzi kama za skrubu, inayosukuma gurudumu la shaba. Skrubu inalizungusha gurudumu kirahisi, lakini gurudumu haliizungushi skrubu kirahisi, hasa uwiano ukiwa mkubwa, kama 60 kwa 1 au zaidi. Kinachozuia ni msuguano tu. Hakuna pini, hakuna jino la kukingama. Na msuguano unabadilika: oili nzuri inaupunguza, joto linaupunguza, meno yakilainika kwa kutumika unapungua. Mtikisiko wa mashine ya jirani, tuseme kinu kinavuma mita tatu kutoka hapo, unatosha kuuvunja. Kwa uwiano wa 25 kwa 1 mimi nisingeweka hata ufagio chini ya kitu kinachoshikiliwa na msuguano huo peke yake.

Fikiria elevata yenyewe ilivyo. Mkanda mmoja umezunguka juu na chini. Ndoo za upande unaopanda zimejaa mahindi, za upande unaoshuka ni tupu. Ukizima, uzito wote uko upande mmoja na unataka kurudi chini. Kama kuna kizuizi cha kurudi nyuma, kile kifaa chenye roli kinachokubali mzunguko wa upande mmoja tu, kinabeba mzigo huo. Kama hakipo au kimechoka, umeuachia msuguano. Wewe unatoa mahindi yaliyokwamisha ndoo kwa chini. Kumbe hayo mahindi ndiyo yaliyokuwa yameushika mkanda. Unatoa kopo la mwisho, mkanda unaachia, ndoo zinarudi, na mkono uko ndani. Umeme ulizimwa zamani, lakini hapa umeme hauhitajiki.

Utaratibu ulio sawa ni huu. Kwanza zima kwa swichi, halafu nenda kwenye paneli ukakate breka ya elevata hiyo, uweke kufuli lako. Nasema lako. Ufunguo ukae mfukoni mwako, usiwe kwa msimamizi wala msumarini ofisini. Mkiwa wawili kazini, yawe makufuli mawili. Ning'iniza kibao, hata cha kadibodi: MTU YUKO KAZINI, USIWASHE. Kisha rudi ubonyeze kitufe cha kuwashia. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kipuuzi, lakini ndiyo inayokuambia kama umekata breka sahihi au ya mashine ya jirani. Nimekuta paneli ambazo maandishi ya breka yalishapishana miaka mingi, na kila mtu alizikumbuka kwa kichwa, kila mmoja kivyake.

Baada ya umeme, shughulikia mzigo. Fundi aubane mkanda kule juu kwa klampu au aufunge kwa mnyororo kwenye fremu, ili hata kizuizi kikishindwa usitembee. Hapo ndipo kidirisha kinafunguliwa, na mahindi yanavutwa kwa kijiko kirefu cha bati au kijembe chenye mpini. Mkono hauingii. Kijiko kikidakwa, tutatengeneza kingine kwa shilingi elfu chache.

Kitufe chekundu cha dharura hakichukui nafasi ya kufuli. Kinasimamisha tu, mwenzio akikizungusha kikaachia, mashine iko tayari kuwaka.

Na umeme wa TANESCO ukikatika wakati mmekwama, usione hiyo ni nafasi. Elevata zenye swichi ya kugeuza, ile inayobaki kwenye "washa" ilipoachwa, zinajiwasha zenyewe umeme ukirudi. Zenye vitufe na kontakta (swichi ya sumaku) hazifanyi hivyo kama zimefungwa waya inavyotakiwa. Muulize fundi umeme yako ni ipi, lakini hata akikuhakikishia, kufuli bado.

Kuna jambo jingine la umeme ambalo halikuhusu wewe moja kwa moja, ila lijue. Mota ikifunguliwa waya na kurudishwa, nyaya mbili zikapishana, itazunguka kinyume. Elevata yenye kizuizi cha kurudi nyuma haikubali. Ama kizuizi kinapasuka au meno ya giaboksi yanaondoka. Mwelekeo wa mota unapimwa kabla ya kuiunganisha na giaboksi. Ukiona wanaunganisha kwanza ndipo wapime, wewe kaa mbali.

Tuje kwenye joto. Hapa nitakutuliza kidogo. Mkono wa mtu hauvumilii chuma cha nyuzi 60 zaidi ya sekunde chache, na giaboksi ya wom yenye mzigo inaweza kufika nyuzi 80 ikiwa nzima kabisa, kwa sababu ile asilimia 20 iliyopotea inageuka joto. Kwa hiyo "siwezi kuweka mkono" hakunielezi mengi, isipokuwa kwamba siku moja utaungua. Omba kiwanda kinunue kipimajoto cha kuelekeza, kile kama bastola. Pima mahali pamoja, saa ileile ya zamu, uandike. Ikiwa jana nyuzi 72 na leo 74, endelea na kazi. Ikiwa wiki iliyopita ilikuwa 70 na sasa 88 kwa mzigo uleule, kuna kitu, na ikipita 90 oili ya kawaida inaanza kupikika. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, umri wa oili unapungua karibu nusu.

Kabla hamjamlaumu mtengenezaji, chukueni ufagio. Kwenye viwanda vya unga giaboksi huvikwa blanketi la vumbi, sentimita mbili tatu, na mbavu za kupoozea zikapotea kabisa. Chuma kinachotakiwa kupumua kimefunikwa shuka. Lisafishwe mashine ikiwa imezimwa na kufungwa, kwa brashi, wala si kwa upepo wa kompresa. Unga ukirushwa hewani unakuwa wingu, na wingu la unga likikutana na beringi iliyoungua au cheche ya kuchomelea linalipuka. Kwa sababu hiyohiyo asiruhusiwe mtu kuchomelea chochote kwenye elevata kabla haijamwagwa mahindi yote na kusafishwa ndani.

Halafu oili, na hilo agizo la "ongeza tu". Oili ikizidi ni kosa kama ikipungua: gia zinaipiga kama mtu anayepiga mayai, inafanya povu, inapata joto zaidi, na presha inasukuma sili, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye shafti. Inawezekana kabisa huko kuvuja kumeletwa na kuongeza. Usiongeze mashine ikitembea, wala usifungue kizibo ikiwa ya moto, maana oili inaweza kuruka usoni. Zima, funga, subiri ipoe, kisha fundi afungue kizibo cha kipimo cha ubavuni. Kwa giaboksi nyingi oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo.

Aina ya oili imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni. Futa vumbi utakikuta. Giaboksi za wom mara nyingi zinataka oili nzito, VG 460 au 680 (namba za uzito wa oili). Nyingi nilizozifungua nimekuta oili ya difu ya gari, kwa sababu inapatikana duka la pembeni. Uzito unaweza kukaribiana, lakini baadhi ya oili hizo zina viungo vya salfa vinavyoshambulia shaba ikipata joto, na gurudumu la ndani ni la shaba. Hatari zaidi ni kuchanganya: kuna oili za kutengenezwa za aina ya poliglikoli ambazo hazipatani na oili ya madini, zikikutana zinaganda kama uji. Fundi asipojua iliyomo, aimwage yote, asafishe, aanze upya. Akimwaga, aitazame kwenye mwanga. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikimetameta rangi ya dhahabu, hiyo ni shaba inayoliwa, na kama si giaboksi mpya iliyo kwenye masaa yake ya kwanza, andaeni pesa.

Kwa kuwa giaboksi yenu iko juu ya mahindi ya chakula, oili inayodondoka inaweza kuingia kwenye unga. Viwanda vya chakula vina oili yao, daraja la H1, kwa mahali ambapo inaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. Mpaka uvujaji utengenezwe, wekeni trei chini yake, na jukwaa lile la juu lifutwe kila zamu. Oili iliyochanganyika na unga juu ya bati inateleza kuliko sabuni, nawe uko mita kadhaa kutoka sakafuni.

Kabla hawajabadilisha sili, mwambie fundi atazame kipumulio, kile kidude chenye tundu dogo juu ya giaboksi. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka na inataka njia. Tundu likizibwa na unga, njia inakuwa kwenye sili. Niliwahi kuitwa mahali walipobadilisha sili mara mbili kwenye giaboksi mpya na bado inavuja. Nilipofika nikakuta kizibo cha safari, kile cha kuzuia oili isimwagike njiani kutoka kiwandani, bado kimefungwa. Kipumulio chenyewe kilikuwa kwenye kifuko cha nailoni, kimefungwa kwa waya kwenye mguu wa mota. Kazi ya dakika tano, na fundi aliyenitangulia hakunisemesha siku nzima.

Umeuliza pia namna ya kusema bila kukosana na watu. Usiende kwa msimamizi na neno "hatari", atasikia malalamiko. Nenda na daftari la zamu: tarehe, saa, nyuzi joto, kiasi cha oili kilichoongezwa, mara ngapi elevata imekwama. Mstari mmoja kila siku. Mwambie giaboksi ikifa usiku wa mahindi mengi, kiwanda kitasimama siku ngapi kuingoja nyingine. Hiyo lugha anaielewa. Juu ya kava na kidirisha, lakini, usibembeleze. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri aweke mashine katika hali salama, na inatambua mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Kama kiwandani mnaye, mpe taarifa kwa maandishi. Akikaa kimya, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wana wakaguzi, na kazi yao ni hiyo.

Ukipanda safari ijayo, mashine ikiwa imefungwa, futa kile kibati na uniandikie yaliyomo: uwiano, kilowati, aina ya oili na ujazo wake kwa lita. Angalia pia kama giaboksi imekaa wima au imelazwa, kwa sababu ujazo wa oili unabadilika kwa mkao. Hapo nitaweza kukuambia kama ile oili wanayokuagiza uongeze ina mahali pa kukaa.